Tovuti ya Kupigiwa Hodi

Nje ya Chala,
12 Mei 2024

Evans, mume mwenzangu,

Kaa kwanza, usije ukaanguka. Babu yako Wilibrodi ana tovuti. Ndiyo, tovuti, kama hizo unazowatengenezea wenye hoteli huko Arusha. Wazungu wananisoma wakinywa chai ya asubuhi, na wengine wanaacha chai inapoa. Nimekuwa mtu mkubwa. Ukitaka kunisalimia, itabidi upange foleni.

Haya, ni uongo. Sina tovuti. Nina kipande cha karatasi ambacho Mbonile, yule Mnyiha mwenye steshenari Chanji, pale Sumbawanga mjini, ameniandikia neno "tovuti" ili nisilisahau njiani. Nimelisahau mara mbili hata hivyo.

Huku hatujambo. Mahindi yamekauka shambani, yanasubiri mikono. Maharage ya juu ya ntumba, vile vichuguu vyetu vya nyasi na udongo, yamezaa vizuri mwaka huu, ila kuyainamia ndiyo kazi. Mama yako alikuja Pasaka kutoka Laela, akanipikia, akanifulia, akanisema, akaondoka. Mzima kabisa, sauti yake haijapungua. Ng'ombe yule mwekundu kazaa dume. Pale kwa bibi yako majani yalikuwa yameota, nimeyang'oa.

Naandika nikiwa nje, kwenye benchi, jua likinipiga mgongoni. Najua una simu na mimi nina simu. Lakini kwa simu sikio langu la kulia halifanyi kazi na la kushoto linasikia linachotaka, na wewe kila nikipiga unasema, "Babu, nipo kwenye kikao." Barua haina kikao. Tena nikiisoma ikiisha naanza upya.

Sasa shida yangu. Nifundishe tovuti ni nini, kuanzia mwanzo, kama unavyomfundisha mtu ambaye hajui jembe linashikwa upande gani. Inakaa wapi? Inaingiwa na nani? Mimi nilifika darasa la nne la mkoloni, nikafukuzwa kwa kumwiga mwalimu anavyotembea, kwa hiyo usinirukie hatua. Wala usiniulize ya nini. Ni ya kuuza maharage.

Mimi babu yako, mwenye mke mmoja na wewe,
Wilibrodi


Arusha,
9 Juni 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo, ila huku mvua zimechelewa kukatika na nguo hazikauki. Kazi zipo. Kuna wiki ninatengeneza tovuti tatu, na sijakutana uso kwa uso na mwenye hata moja. Nimehamia chumba kingine, kipo ghorofani. Sanduku la bati lile la shule bado ninalo, lipo chini ya kitanda.

Nimefurahi kwa ng'ombe. Ahsante kwa kung'oa majani pale kwa Bibi. Najua tangu tulipomzika, yaani tangu mlipomzika, kazi hiyo yote ni yako.

Tovuti, Babu, ina vitu vitatu, na mtu anayeanza akivielewa hivyo amemaliza nusu.

Cha kwanza ni jina. Ni kama pale unapomwambia kondakta wa basi akushushe wapi. Jina hilo halifanani na la mtu mwingine duniani, na halinunuliwi moja kwa moja. Linalipiwa kila mwaka, na ukiacha kulilipia, mtu mwingine anaweza kulichukua. Watu wengi wanaoanza huchagua jina la kujisifu, halafu hakuna anayelikumbuka. Chagua lile ambalo watu tayari hulitaja wanapoulizia kwako.

Cha pili ni mahali. Tovuti haielei hewani. Inakaa ndani ya kompyuta ambayo haizimwi kamwe, ya watu wanaofanya kazi ya kupangisha nafasi. Unapanga, unaweka vitu vyako. Jina linamleta mgeni, mahali ndipo anapokuta vitu.

Cha tatu ni kurasa zenyewe. Ukurasa wa kwanza ndio muhimu. Mgeni akifika pale aelewe mara moja yupo kwa nani na apite wapi, la sivyo anaondoka, na hurudi mara chache. Wengi watakuja kwa simu zenye salio dogo, kwa hiyo picha ziwe nyepesi na maneno machache. Pia kutakuwa na neno la siri la kuingilia kama mwenye nyumba. Hilo usimpe mtu, hata Mbonile.

Umesema nisiulize ya nini, lakini lazima niulize. Ni swali la kwanza ninalomuuliza kila mteja. Mwenye kuuza maharage madebe mawili matatu kwa mwaka hahitaji tovuti, Babu. Unamtaka nani aingie, na akiingia afanye nini?

Msalimie Mama ukimwona.

Mjukuu wako,
Evans


Nje ya Chala,
30 Juni 2024

Evans,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Salamu zako zimefika, ng'ombe nimemwambia, amekojoa. Upepo wa mwaka huu una meno. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na mimi natoka na blanketi mabegani, nafanana na nabii ambaye watu wake walishahama.

Nimekwenda Chanji. Mbonile kanikalisha mbele ya kompyuta, kanipa kile kidude cha kusukuma kwa mkono, mshale ukakimbia kama panya. Mteja mmoja, mama wa Namanyere aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti, kacheka mpaka kasahau cheti. Nikamwambia atanilipa kiingilio. Lakini nimefika ulikosema. Naandika kwa kidole kimoja. Vingine vinatazama.

Kuhusu jina. Mimi nilitaka Mfalme wa Ufipa. Mbonile akasema mfalme gani anakuja kwa mguu toka stendi. Basi nikakumbuka ulivyosema, jina ambalo watu wanalitaja wanapoulizia. Nikaudhika barabara. Nyumba nilijenga mimi, matofali nilichoma mimi, miti ya uani nilipanda mimi, na kuanzia Chala mpaka huku, muulize mtu yeyote, atakwambia unatafuta kwa Josefina? Hajawahi kutokea binadamu akasema kwa Wilibrodi. Basi andika hivyo, kwajosefina, herufi zishikane. Nimekubali kushindwa na mke wangu, si mara ya kwanza.

Ndani weka namna ya kupiga ntumba. Nitakuandikia mwenyewe: nyasi zikiwa ndefu mvua inapoelekea kukatika, unazikata, unazikusanya duara, unazifunika kwa udongo uliopinduliwa, unapanda maharage juu, na zile nyasi zinaoza humo ndani polepole. Mwaka unaofuata unatawanya, unapanda mahindi, na huhitaji kumpigia magoti muuza mbolea. Vijana wa siku hizi hawana subira ya kufukia kitu wasikione mwaka mzima.

Sasa sikiliza sharti langu. Sitaki mtu aingie tu. Huku kwetu umekulia, unajua. Hakuna mtu anakatiza uani kwa mtu kama mbuzi. Anasimama langoni, anapiga makofi, anapiga hodi, anasema ni nani na katoka wapi, anaulizwa kwao wameamkaje, halafu ndiyo anaingia. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe lango. Pasiwe na kitu, ila mahali pa mgeni kuandika hodi yake. Mimi nikishamwitikia karibu, ndipo zile kurasa nyingine zifunguke. Nitaitika mwenyewe, kwa kidole changu.

Umeuliza namtaka nani aingie. Nakujibu kwa sababu umeuliza kwa adabu. Mama yako anataka kunihamishia Laela, nikakae chumba cha nyuma ya duka lake, nitazame mabasi ya Tunduma yakipita. Anasema naishi kama popo. Nikamwambia watu wanakuja. Akasema, baba, taja mmoja. Nikakosa. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wanapita kwa ajili ya bibi yako. Mimi walikuwa wananivumilia. Tukapatana hivi: mvua zikianza na bado hakuna aliyepiga hodi kwangu akakaribishwa, nafunga mlango nahamia. Hatukusema hodi ya namna gani. Mama yako kasoma kuliko mimi, ilikuwa juu yake kuuliza.

Mikono yangu bado inalikumbuka sanduku lako la bati. Liamkie.

Babu


Arusha,
4 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Pole na baridi. Samahani nimechelewa, kulikuwa na wageni wengi mjini na kila mwenye hoteli alitaka kitu kibadilishwe siku hiyo hiyo. Mimi sijambo.

Tovuti iko tayari. Jina limelipiwa, mahali pamepangwa. Nimeandika maelezo yako ya ntumba kama yalivyo, pamoja na ile sehemu ya kumpigia magoti muuza mbolea. Lango nimeliweka pia. Lakini nakwambia kama fundi: halitafanya kazi. Mtu akifika akakuta patupu, akaambiwa apige hodi, aseme na kwao wameamkaje, ataondoka. Na hata akipiga, wewe unakwenda Chanji mara moja kwa wiki mbili. Atasimama pale wiki mbili?

Ninaweza kuweka kitu kinachoitika chenyewe. Mgeni akiandika tu hodi, papo hapo kinaandika karibu, na kurasa zinafunguka. Ni kazi ya dakika chache. Mama hatajua tofauti.

Picha alizotuma Mbonile nimezipunguza uzito ili zifunguke haraka. Hiyo ya nyumba imetoka vizuri. Ila nimelikuza lile benchi nikaliona limepauka, na upande mmoja umepasuka. Mvua zilizopita hamkuliingiza ndani?

Evans


Nje ya Chala,
22 Septemba 2024

Evans,

Sisi wazima. Mguu ulinisumbua, ndiyo maana kimya. Si mguu wa kufa, ni mguu wa kulalamika. Wilaya nzima inachoma nyasi, jua linazama jekundu na kila kitu kinanuka moshi, hata chai. Bertila, yule binti wa katekista, kaolewa Kirando kwa wavuvi, sherehe ilikuwa na dagaa kuliko watu. Mama yako anakusalimu. Kaniuliza tena nani kanitembelea, nikamwambia hesabu inaendelea.

Nimekwenda Chanji, nimefungua kwa neno langu la siri, Mbonile akijifanya anatazama dirishani. Nimekuta hodi mbili. Mbili, Evans, na wewe fundi ulisema hakuna.

Ya kwanza ni ya bwana mmoja ambaye hakusema jina wala kwao. Alisema anaweza kunitajirisha nikimtumia namba zangu. Nikamjibu vizuri. Nikamkaribisha, nikamuuliza wazazi wake wazima, mvua huko kwao zikoje, ana mifugo gani. Hajarudi. Mbonile anasema huyo ni tapeli, anapiga hodi kwenye milango yote ya dunia. Mimi nasema hata tapeli ana mama.

Ya pili ni ya mwanamke wa Songea. Huyu alikuwa na adabu, alisalimu kwanza. Aliandika kuwa anamtafuta Josefina, walisoma wote kwa masista zamani, ameona jina, na je, ni huyu? Hakuwa huyu. Bibi yako hakuwahi kusoma kwa masista, alisoma kwa kupita dirishani akienda kuchota maji. Lakini nilikaa mbele ya ile kompyuta mpaka Mbonile akaniuliza kama imeganda. Nikaandika: Karibu. Josefina ametoka.

Sikudanganya. Ametoka.

Hicho kitu chako cha kuitika chenyewe, kiache huko huko hotelini. Karibu inasemwa na mtu aliyesikia hodi. Bibi yako alikuwa anaitika kutoka jikoni na moshi machoni, mikono imejaa unga, na kwa hodi moja alikuwa anajua huyu ni nani na ana njaa kiasi gani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nje karibu na mgeni na sikufungua mdomo, kwa miaka yote ile. Kwa nini nijisumbue? Palikuwa na mwenye kuitika.

Mama yako nimemweleza habari za wale wageni wawili. Akacheka, halafu akasema hodi ya mashine haimo kwenye mapatano. Kashaagiza gari la kubebea vitu vyangu. Yule Masalu mwenye pikapu ndiye atakuja, mvua ya kwanza ikishanyesha.

Babu


Arusha,
20 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima. Natumaini mguu umenyamaza.

Benchi hukunijibu. Na mimi kuna kitu hamkuniuliza, tangu mwaka jana, si wewe wala Mama, na nimewashukuru kwa hilo kila siku, na pia limenielemea.

Nilikata tiketi ya kuja kumzika Bibi, Babu. Nilifika Mbeya. Basi la Sumbawanga lilikuwa linaita abiria na nilikuwa na begi mkononi. Nikawaza nitashuka Chala, nitatembea, nitafika langoni nitapiga makofi. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kumaliza kusema hodi pale, Bibi alikuwa ananikata katikati, "Mume wangu huyo!" Nikawaza nitasema hodi mpaka mwisho na patakuwa kimya. Basi likaondoka. Mimi nikarudi nilikotoka. Ndiyo hivyo, siwezi kuieleza zaidi.

Tovuti yako nimeitazama mara nyingi kuliko ya mteja yeyote. Tarehe moja mwezi huu niliandika hodi. Niliandika kwa jina langu, na nimetoka wapi, na huku tumeamkaje. Hakuna aliyeitika. Nilijua hujaenda Chanji, lakini kila siku nafungua.

Lile lango ulilotaka, nilisema halitafanya kazi. Sijui tena.

Evans


Nje ya Chala,
17 Novemba 2024

Evans, mume mwenzangu,

Huku wazima. Ndama amekua, ana kiburi cha baba yake asiyejulikana. Ntumba za msimu uliopita nimezitawanya peke yangu, polepole, nyasi zimeoza zimekuwa nyeusi nzuri. Mama yako kapiga simu jana mara mbili. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, kubwa, ya mawe. Masalu kasema pikapu yake ina shida ya tairi, kwa hiyo nina siku chache. Shida ya tairi nimemwombea mimi.

Hodi yako nimeiona. Mbonile alikuwa anakula, akaacha kula. Nikaisoma yote, na kwenu huko mmeamkaje, yote. Ulivyoandika ni kama bibi yako alivyokufundisha, hukuruka hata kitu kimoja.

Sijaitika. Nimeweka kidole pale kwenye kitufe, nimekiondoa. Huyo tapeli nilimkaribisha, huyo mama wa Songea nilimkaribisha, wewe sikukaribishi kwenye kompyuta ya Mbonile. Hodi ile siyo ya pale. Bibi yako angenicheka mpaka kesho.

Umewaza patakuwa kimya. Na mimi niliwaza hivyo. Kwa hiyo nimekuwa nafanya mazoezi. Nakwenda jikoni, nasimama pale alipokuwa anasimama, naita karibu kwa sauti. Mara ya kwanza kuku walikimbia. Sasa wamezoea. Sauti yangu si tamu kama yake na kwa hodi moja siwezi kujua mtu ana njaa kiasi gani, lakini nitauliza. Sikio la kushoto bado linasikia makofi.

Mama yako nimemwambia: wewe si ulisema hodi ya mashine haimo? Basi subiri ya makofi. Akauliza ya nani. Nikamwambia ndama ananiita. Halafu akasema atamwambia Masalu asihangaike na lile tairi kwanza. Ila si milele, alisema.

Sikulazimishi. Mabasi yanapita, na mtu anaweza kushuka Mbeya tena, najua njia ni ndefu. Kama hutaweza, tovuti iache hivyo hivyo, ilipie mwakani nikiwa Laela, ili wale wanaoulizia kwa Josefina wapakute.

Ila kuna neno moja, na hili si la msiba wala la mama yako. Umeuliza habari za benchi mara mbili. Benchi lile ni la mninga, ni zito, linataka watu wawili. Kila mwaka kabla ya mvua nilikuwa nashika upande wangu, bibi yako anashika wake, tunaliingiza, yeye ananisema kwamba mimi nasukuma badala ya kunyanyua. Majirani wamejitolea. Nimewaambia lipo sawa nje. Halipo sawa. Limelowa juzi, na upande uliopasuka umefunguka zaidi.

Siku unakwenda kuanza kidato cha kwanza tulilibeba sanduku lako la bati kutoka hapa mpaka basi lilipo, upande mmoja wewe, upande mmoja mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha mikono kwa sababu wewe ulikuwa unalia hujui hata unashika nini. Kwenye ngazi ya basi ulisema, "Babu, siku moja na mimi nitakushikia upande."

Njoo ushike.

Babu yako,
Wilibrodi